Mchezaji Hewa

Shule za bweni zilipofungwa, wakubwa wanne walirudi nyumbani na masanduku yao, madaftari yao, na vichwa vilivyovimba. Walijua maana ya maneno marefu. Walijua kulala mpaka saa nne asubuhi bila kuona haya. Na walijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba uwanja wa nyuma ya karakana ya useremala ulikuwa mali yao kwa wiki tatu kamili.

Nukta alikuwa amewangoja miezi mitatu.

Aliitwa Nukta kwa sababu siku aliyozaliwa baba yake, fundi seremala, alimtazama, akamgeuza, akamtazama tena, kisha akasema, "Huyu ndiye nukta. Sentensi imekwisha." Na kweli hakuzaliwa mwingine. Sasa alikuwa na miaka sita, magoti yenye makovu mapya juu ya makovu ya zamani, na pengo la meno mawili ya mbele lililomfanya apige mluzi kila alipotamka neno lenye "s". Kwa miezi mitatu hiyo mchezaji mwenzake alikuwa mmoja tu, Kisoda, mtoto wa miaka minne wa mshona nguo ambaye chumba chake cha kazi kilifungukia uwanja huohuo. Kisoda alipendwa na wote, lakini kwenye michezo hakuwa na msaada. Ukimwambia kimbia, anakaa. Ukimwambia jifiche, anajificha vizuri, kisha analala.

Wakubwa wenyewe walikuwa hawa. Kwanza Dada, dada yake Nukta wa tumbo moja, kidato cha tatu, ambaye muhula huo alikuwa amejifunza kutembea kama mtu anayepigwa picha. Pili Ngazi, kijana wa nyumba ya pili, ambaye suruali zilikuwa zikimkimbia miguuni kila baada ya miezi miwili. Tatu Spika, mdogo wake Ngazi, ambaye akinong'ona mtaa mzima unaitikia. Nne Wakili. Wakili hakuwa wakili hata kidogo. Alikuwa na miaka kumi na sita na miwani iliyoungwa kwa gundi ya mbao. Lakini hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, wakiwemo walimu, na ndiyo maana alikuwa amefagia bwalo la shule mara nyingi kuliko mfagiaji aliyeajiriwa.

Mchezo wao ulikuwa kopo. Kwa faida ya waliolelewa bila furaha, mchezo wenyewe ni huu. Kopo tupu la rangi linawekwa katikati ya duara lililochorwa kwa kisigino. Mmoja ni mlinzi. Anafumba macho, anahesabu hadi hamsini, na wengine wanajificha. Akimwona mtu, anakimbilia kopo, analikanyaga na kutangaza jina na mahali: "Ngazi, nyuma ya mbao, moja mbili tatu!" Aliyetangazwa anakwenda kifungoni, yaani kwenye benchi bovu la miguu mitatu lililoegemezwa ukutani. Lakini mtu yeyote aliyejificha akichomoka na kulipiga kopo teke kabla hajatangazwa, wafungwa wote wako huru na mlinzi anaanza upya, huku akizomewa.

Siku ya kwanza ya likizo Nukta alifika uwanjani akiwa amejiandaa kabisa. Alikuwa amefunga kamba za viatu mafundo manne manne, ili hata viatu vyenyewe visiwe na namna ya kumkimbia.

"Na mimi nacheza," alisema.

Wakubwa wakatazamana.

"Nukta, nenda kwa Baba," Dada alisema bila kusogeza midomo, kwa aibu.

"Baba kanituma huku."

"Baba hakukutuma."

"Kasema, 'Toka hapa.' Nikitoka hapo, natokea huku."

Spika alicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Ngazi akainama, kazi iliyomchukua muda, akamtazama usoni. "Huyu tukimkamata atalia. Tusipomkamata atalia."

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hiyo ilikuwa dalili kwamba sheria inazaliwa.

"Acheze," alisema. "Lakini ni hewa."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Bwenini kwao kulikuwa na daftari la zamu za usafi, na mara kwa mara daftarini mlikuwa na jina la mtu aliyepangiwa kudeki choo lakini hayupo shuleni: amehama, anaumwa, au alibuniwa na kiranja ili hesabu itimie. Jina kama hilo waliliita hewa. Lipo, lakini halipo.

Nukta hakuwa na habari za bweni. Alimvuta Dada mkono. "Hewa ndiyo nini?"

Dada aliangalia juu, akaangalia chini. "Ni mchezaji wa pekee. Anacheza kama wote, ila yeye hakamatwi."

"Hakamatwi kabisa?"

"Kabisa."

Hapo Nukta alivimba mpaka vifungo vya gauni vikalalamika. Wakubwa wote wanakamatwa, yeye hakamatwi! Hakungoja mchezo uanze. Alitoka mbio hadi karakana, ambako baba yake alikuwa akipiga randa ubao mrefu na maranda yakimwagika miguuni pake kama nywele za kinyozi.

"Baba! Mimi ni hewa!"

Fundi alisimamisha randa. Penseli ilikuwa sikioni, pale ilipokaa tangu ujana wake. "Hongera, mwanangu. Ni cheo kikubwa. Bila hewa vanishi haikauki."

Akatoka mbio tena mpaka kwa Mama Kisoda, aliyekuwa na pini tano mdomoni. "Mama Kisoda, shikamoo, mimi ni hewa!"

"Mmhmm," Mama Kisoda alijibu, na kwa mtu mwenye pini tano mdomoni hayo ni maneno mengi.

Wiki ya kwanza ilipita kwa utukufu mtupu. Nukta alijificha chini ya benchi la kazi, nyuma ya pipa la maji, ndani ya gunia la maranda, na popote alipojificha mlinzi alimpita kama hakumwona. Alijiona mjanja kupindukia. Siku moja Wakili aliinama mbele ya pipa, macho yao yakakutana kabisa, pua kwa pua, na bado Wakili akaendelea na safari yake. Nukta alishusha pumzi. Akaamini kwamba ana kipaji.

Shaka ya kwanza ililetwa na Kisoda. Kisoda alikuja uwanjani na biskuti yake, akasimama katikati ya njia, na Wakili akasema bila hata kugeuka, "Na huyo naye hewa." Hakuomba. Hakujaribiwa. Hata kamba za viatu hakuwa nazo, kwa kuwa hakuwa na viatu. Nukta alimtazama Kisoda akiitafuna biskuti kwa upande, akajiuliza ni cheo gani hiki kinachotolewa kwa watu wa namna ile.

Kilele kilikuja Jumanne ya wiki ya pili. Wakili alikuwa mlinzi. Na hapa ni lazima ijulikane kwamba Wakili alikuwa na rekodi: tangu likizo ianze, kopo lake halijawahi kupigwa. Alikuwa ameitangaza rekodi hiyo kwa kila mtu, na juu ya ukuta wa karakana aliichora kwa chaki, mstari mmoja kwa kila ushindi. Siku hiyo Ngazi, Spika na Dada walikuwa wote kwenye benchi la kifungo, wamenuna. Nukta alichungulia kutoka nyuma ya pipa. Uwanja ulikuwa mtupu. Wakili alikuwa amepotea nyuma ya rundo la mbao akifunga kamba ya kiatu.

Nukta akapiga moyo konde. Akatoka, akakimbia, mikono ikipepea, akafika kwenye duara, akalipiga kopo teke la maisha yake. Kopo likapaa, likalia kwaa, likabingirika mpaka mlangoni kwa Mama Kisoda.

"Nimewaokoa!" alipiga kelele, na "s" ambayo haikuwemo ikapiga mluzi vilevile. "Kimbieni! Mko huru!"

Hakuna aliyeinuka. Ngazi alijikuna goti. Spika alipiga miayo. Wakili alitokea nyuma ya mbao, akaliokota kopo taratibu, akalirudisha mahali pake.

"Haihesabiki," alisema. "Ni hewa."

"Kimbieni basi!" Nukta aliwasukuma. "Dada, inuka!"

"Nukta." Dada alimvuta pembeni, karibu na pipa. "Sikiliza. Hewa maana yake... unacheza, lakini huhesabiki. Ukijificha, sawa. Ukipiga kopo, sawa. Lakini ni kama hujapiga."

"Kwa hiyo hawanikamati kwa sababu hawawezi?"

"Kwa sababu hawakutafuti."

Dada alisema hivyo, akatamani arudishe ulimi. Nukta hakulia. Afadhali angelia. Alisimama tu akiangalia kamba za viatu vyake, mafundo manne manne, kama mtu anayesoma barua. Kwa wiki nzima alikuwa amejificha kwa pumzi ya kuibia, na hakuna aliyemtafuta.

Kuanzia siku hiyo Nukta alitaka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka kushinda. Alitaka jina lake litangazwe kwenye kopo, moja mbili tatu, apelekwe kwenye benchi bovu, akae na wafungwa wenzake anune kama wao. Na muda ulikuwa mfupi, kwa sababu Jumapili ya wiki ya tatu wakubwa wangebeba masanduku yao, na mwisho wa muhula ulikuwa mbali kama mwezini.

Alijizungusha hadi Jumatatu ya wiki ya tatu, ndipo akamfuata Wakili. "Mtu anaachaje kuwa hewa?"

Wakili hakutarajia swali hilo, akabuni kifungu papo hapo. "Kifungu cha saba. Asiye na meno ya mbele hahesabiki."

Nukta akapitisha ulimi pengoni. "Kisoda ana meno yote."

"Kifungu cha nane. Wala asiyejua kuhesabu hadi hamsini. Mlinzi lazima ahesabu hadi hamsini. Utalindaje kopo?"

Hilo lilikuwa na akili, hata Nukta alilikubali. Siku tatu mfululizo hakuonekana uwanjani. Alikuwa karakana, amekaa chini ya benchi la kazi, akihesabu misumari ya baba yake, ya inchi mbili upande huu, ya inchi tatu upande ule. Ishirini ilikuwa nyepesi. Thelathini ilimtoa jasho. Alipofika thelathini na tisa aliendelea kwa ujasiri hadi thelathini na kumi, thelathini na kumi na moja, na fundi, bila kuinua macho kwenye randa, akasema, "Arobaini. Rudi nyuma."

"Kwa nini isiwe thelathini na kumi, Baba?"

"Kwa sababu misumari hiyo ni yangu, na mimi nimesema arobaini."

Ijumaa alasiri alisimama mbele ya Wakili, mikono nyuma, akahesabu hadi hamsini bila kukosea hata mara moja. Spika alipiga makofi. Ngazi alisema, "Haya, Wakili, mtoto kamaliza mtihani."

Wakili alivua miwani, akaifuta. "Kifungu cha tisa," alisema. "Likizo ikibaki siku chini ya mbili, wachezaji wapya hawasajiliwi."

"Wewe Wakili wewe!" Spika alisema, na nyumba tatu zikachungulia dirishani.

"Sheria ni sheria."

 Jioni hiyo Dada alimfungulia mdogo wake mafundo yote nane ya viatu, moja moja, kazi ambayo kwa kawaida aliikimbia.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi fundi alitoa nje kabati kubwa la milango miwili, alilotengenezea ofisi ya posta, akalisimamisha juu ya magogo mawili katikati ya jua. Mkono wa kwanza wa vanishi ulikuwa umeshakauka na mbao ziling'aa kama asali. Alitaka kupaka mkono wa pili jioni. Akasimama mbele ya wakubwa, penseli sikioni.

"Mnaliona?"

"Tunaliona, Fundi."

"Karani wa posta analifuata Jumatatu. Atakayelitia alama ataupiga msasa mlango mzima, kwa mkono, mpaka nimwambie basi. Sina haja ya kujua kama kachoka."

"Hakuna atakayeligusa, Fundi," Wakili alisema, mkono kifuani. Fundi akarudi ndani.

Wakili ndiye aliyekuwa mlinzi. Alitaka kuifunga likizo kwa heshima. Alihesabu hadi hamsini kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, na kwa kweli siku hiyo alicheza vizuri mno. Ngazi alikamatwa mapema, kwa kuwa alijificha nyuma ya mbao na mbao ziliishia magotini. Spika alikamatwa kwa kupiga chafya, na waliosikia chafya hiyo katika mitaa ya jirani walisema afya. Dada alijificha chini ya meza ya cherehani ya Mama Kisoda, akafunikwa kwa kitambaa cha mapazia, akakaa kimya kama maji mtungini. Lakini kitambaa kilikuwa na pini. Alipiga ukelele mmoja mfupi, ukatosha.

"Dada, chini ya cherehani, moja mbili tatu! Nimemaliza!"

Wakili alinyoosha mikono juu. Alisogea hatua mbili kutoka kwenye duara ili wafungwa wamwone vizuri, akaanza hotuba. "Ndugu wafungwa. Wiki tatu. Kopo moja. Teke, hakuna hata moja..."

Ukutani, gunia la maranda lilitikisika.

Nukta alitoka. Maranda yalimshika kichwani, mabegani, hata kwenye nyusi, akafanana na kondoo mdogo aliyenyolewa na fundi mlevi. Hakukimbia safari hii. Alitembea polepole kukatiza uwanja, akampita Wakili karibu kabisa. Wakili alimwona. Akampisha njia kwa adabu, kama anavyopishwa paka, na akaendelea na hotuba yake.

Nukta alisimama mbele ya kopo. Aliinua mguu.

"Wakili," alisema. "Nikilipiga, linahesabika?"

"Halihesabiki, mama. Piga tu ufurahi."

Akapiga.

Wataalamu wa baadaye watabishana kuhusu teke lile. Kopo halikubingirika. Liliruka usawa wa kifua, likazunguka mara tatu hewani huku likimulika jua, likaenda moja kwa moja, kana kwamba limeitwa, mpaka kwenye mlango wa kushoto wa kabati la posta. Ngwaa! Likaanguka chini. Mlangoni, katikati kabisa, palibaki duara safi la mkwaruzo, kama muhuri. Karani wa posta mwenyewe asingegonga bora zaidi.

 Hata Spika alinyamaza, jambo lisilo na kumbukumbu. Cherehani ya Mama Kisoda ilikoma. Ndani ya karakana randa nayo ikakoma, na fundi akatokea mlangoni.

Aliangalia kopo. Aliangalia mlango. Alipitisha kidole kwenye duara.

"Nani?"

"Mimi!" Nukta alisema papo hapo, kidole juu, kama aliyeitwa kwenye zawadi.

"Si yeye, Baba!" Dada alikwishainuka kwenye benchi, amemweka mdogo wake nyuma ya sketi. "Yeye mdogo. Hachezi. Ni hewa tu."

"Nacheza!" Nukta alichomoka upande wa pili wa sketi. "Ni mimi! Nimelipiga kwa mguu huu! Niadhibu mimi, Baba, Dada ananionea!"

"Nukta, nyamaza, nakuokoa."

"Sitaki kuokolewa! Nataka kuhesabika!"

Fundi alimtazama binti mkubwa, akamtazama mdogo, kisha akatoa penseli sikioni. Hakuwa na cha kuandika. Aliitoa kwa ajili ya uzito wa jambo.

"Mimi na hewa tumefanya kazi miaka ishirini," alisema taratibu. "Hewa inakausha gundi. Inakausha vanishi. Ikizidi inapasua mbao. Sijaona hata siku moja hewa ikirusha kopo. Kwa hiyo nauliza tena. Kopo ni la nani?"

Wafungwa watatu, kwa umoja ambao walimu wao wangeutamani darasani, waligeuza vichwa.

"Mlinzi ni Wakili," Ngazi alisema.

"Sawa. Kama mtoto huyu ni hewa, basi hajapiga. Kama hajapiga, kopo limemtoroka mlinzi wake. Mlango mzima ataupiga msasa mlinzi, peke yake, mpaka niseme basi. Na kama mtoto huyu si hewa, basi kapiga yeye, ni mchezo wenu wote, na mtapiga msasa wote. Wewe ndiye mwenye sheria, kijana. Nambie. Ni hewa au si hewa?"

Wakili alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena. Kila mtu pale alijua alichokuwa akikipima. Akisema ni hewa, rekodi yake inabaki ukutani, na mkono wake unakatika begani. Akisema si hewa, teke limehesabika, wafungwa wako huru, na wiki tatu za kopo lisilopigwa zinafutwa na mtoto wa miaka sita asiye na meno ya mbele. Alitazama mlango. Ulikuwa mrefu kuliko Ngazi.

Kisha akamtazama Nukta. Nukta hakuwa akimwangalia Wakili kwa hasira wala kwa kuomba. Alikuwa amekaza macho, ngumi mbili kifuani, midomo ikicheza kimya kimya. Wakili aliinama kidogo ili asikie. Mtoto alikuwa akihesabu. Alikuwa thelathini na nane. Thelathini na tisa. Akasita.

"Arobaini," alinong'ona.

Wakili akakohoa. Pengine ni msasa aliouogopa. Yeye mwenyewe baadaye alidai ni haki. Watu wa haki tunamwachia adai.

Alikwenda akaliokota kopo, akalirudisha katikati ya duara, akaweka mguu juu yake, na kwa sauti ileile ya kusoma hukumu akatangaza:

"Nukta! Kutoka kwenye gunia la maranda! Amelipiga kopo! Linahesabika!"

"Kimbieni!" Spika aliachia, na mtaa mzima ukajua. Wafungwa walitawanyika uwanjani wakipiga vigelegele, ingawa hawakuwa na pa kwenda na fundi alikuwa amesimama palepale. Ngazi alimbeba Nukta juu mabegani, na kutoka huko mtoto aliona paa la karakana, na nyuma ya paa, na akasema baadaye kwamba aliiona hata posta yenyewe. Wakili alikwenda ukutani akafuta mistari yake ya chaki kwa kiwiko, mmoja baada ya mwingine, akizomewa kwa kila mstari.

Fundi aliwaacha washangilie kiasi kinachomfaa mtu mwenye kazi. Kisha akaleta karatasi moja kubwa ya msasa, akaitandaza kwenye goti.

"Tuhesabu," alisema. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne." Akainua macho. Nukta aliacha kupumua. "Watano."

Akaichana vipande vitano vilivyolingana. Kipande cha Nukta hakikuwa kidogo hata kwa unywele, kwa sababu fundi hupima kwa jicho, na jicho lake halikosei.

Walipiga msasa mlango mzima, kufuata njia ya mbao, kama walivyoelekezwa. Mikono iliuma. Spika alilalamika kwa niaba ya wote. Wakili alijaribu kueleza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha kumi aliyekuwa na rekodi anapumzika, akaambiwa asugue. Nukta alisugua pembe ya chini, ulimi umetoka pengoni, vumbi la mbao limempaka uso, na ukimuuliza yeye atakuambia hakujawahi kuwa na alasiri tamu kama ile.

Msasa ulipokwisha, Kisoda alifika na biskuti. "Na mimi?"

"Wewe ni hewa," fundi alisema. Alikuwa ameshapaka mkono wa pili wa vanishi na sasa anafuta brashi. "Kaa hapa ukaushe."

Kisoda alikaa mbele ya mlango, akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote, mdomo ukiwa na biskuti. Fundi aliona. Alifumba macho, akahesabu moyoni mpaka hasira ikapita. Karani wa posta alipolifuata kabati Jumatatu alilisifu sana, na mpaka leo hajui kwamba ndani ya vanishi, pembe ya kushoto, mna chembe saba za biskuti.

Jua lilikuwa bado linatosha kwa duru moja. Wakili akafumba macho, akaanza kuhesabu. Wote wakatawanyika. Nukta alirudi kwenye gunia lake la maranda, mahali ambapo sasa kila mtu alipajua, akajificha huku kiatu kimoja kikiwa nje. Inawezekana alikisahau. Nyayo zikaja. Zikasimama. Hazikupita.

Halafu zikageuka, zikakimbia, na kopo likakanyagwa.

"Nukta, kwenye gunia la maranda, moja mbili tatu!"

Nukta alitoka, akakung'uta maranda, akatembea mpaka kwenye benchi la miguu mitatu. Alikaa. Alijaribu kununa kama alivyoona wengine wakifanya, lakini mashavu yalikataa.

Mama Kisoda alichungulia dirishani, safari hii bila pini mdomoni. "Maskini. Umekamatwa?"

"Nimekamatwa!" Nukta alijibu, na mluzi wake ukasikika wakati hapakuwa hata na "s".

"Pole, mwanangu."

"Asante," alisema, kama mtu anayepewa hongera, akasogea kidogo kwenye benchi kumwachia Dada nafasi, naye akikamatwa.